Rada ya kuba kwenye mashua ya futi 21: msimu mmoja wa majaribio, Mtera na baharini

Kuanzia Mei hadi Novemba mwaka jana, mashua yetu ya tanga yenye urefu wa futi 21 ilibeba rada ambayo hatukuwa tumeinunua. Mwenye rada ni rafiki yetu aliyeuza chombo chake, kikubwa kuliko chetu, akabakiwa na kifaa hicho ndani ya boksi. Masharti yake yalikuwa mepesi: tuifunge, tuitumie msimu mzima, kisha ama tumlipe ama tumrudishie. Sisi ni watatu, sote tunafanya kazi hapa Dodoma, na mashua yenyewe hulala juu ya tela katika uwanja wa nyumba ya mmoja wetu kule Kisasa, mamia ya kilomita kutoka kwenye maji ya chumvi.

Anayeshangaa mtu wa Dodoma kuwa na mashua aelewe kwamba tunalo Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa barabara ya Iringa ukiwa unavuta tela kwa adabu. Bwawa hilo likijaa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600, na upepo wa kiangazi unaotoka kusini mashariki hulipiga bila kizuizi. Hapo ndipo tunaposafiri mara nyingi. Mara moja kwa mwaka, likizo zetu zikikubali kulingana, tunaivuta mashua hadi Dar es Salaam na kukaa baharini siku nane au tisa. Kwa hiyo rada hii imejaribiwa katika maji ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo, na tathmini yangu inategemea sana tofauti hiyo.

Kifaa chenyewe ni kuba jeupe la plastiki lenye kipenyo cha inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, ambalo kwa yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kitanzania linafanana na hotipoti ya pilau ya harusi. Ndani yake mna antena inayozunguka mara 24 kwa dakika, ikirusha mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 3 na ushei, kisha ikisikiliza mwangwi unaorudi. Chapa ya hiyo tuliyoazimwa siitaji, kwa sababu karibu yote nitakayoyasema yanaihusu aina nzima ya rada ndogo za kizazi hiki, zile zisizotumia magnetroni, yaani kile kifaa cha zamani cha kuzalisha mawimbi ya rada. Kwa anayetaka takwimu za kulinganisha, Raymarine Quantum ya inchi 18 ina uzito wa kilo 5.6 na hula wati 17 inaporusha mawimbi, ilhali Furuno DRS4W, ambayo bado inatumia magnetroni, hurusha kilowati 4 kwa mapigo mafupi na kupeleka picha kwenye simu au tableti bila waya. Rada ya magnetroni huhitaji dakika moja au mbili za kupata moto kabla ya kufanya kazi. Hizi mpya huamka papo hapo, na huweza kuona kitu kilicho mita chache tu kutoka kwenye mashua. Kwa chombo kidogo chenye betri moja, sioni sababu ya kuchagua ya zamani isipokuwa umeipata kwa bei ya kutupa.

Ufungaji ndio uliotusumbua kuliko yote, na ningependa anayefikiria kununua aisome sehemu hii kabla ya kutazama bei. Mahali pa kawaida pa rada katika mashua ya tanga ni mbele ya mlingoti, kama mita 4 hadi 6 juu ya maji. Sasa mlingoti wetu hushushwa kila safari, hulazwa juu ya mashua na kufungwa kamba, halafu hupita juu ya matuta yote yaliyopo kati ya Dodoma na Mtera, ambayo sijawahi kuyahesabu lakini mgongo wangu unayajua. Kuba lililofungwa kwenye mlingoti wa namna hiyo lingelala likitazama chini, likigonga paa la kibanda kila tuta, na waya wake, ambao ni mnene kama kidole kidogo na haupendi kukunjwa, ungelazimika kuchomolewa na kuchomekwa kila mwisho wa wiki kwenye plagi ambayo mtengenezaji aliikusudia ichomekwe mara moja na kuachwa miaka kumi. Zaidi ya hapo, kilo sita za kuba pamoja na kitako chake na waya, zikiwekwa juu ya mashua nyepesi kama yetu, huifanya ilale mapema zaidi upepo unapozidi. Mashua ya futi 40 haitahisi uzito huo. Yetu ilihisi hata tulipopandisha ndoo ya maji kwa kamba kufanya majaribio, mmoja akiwa amekaa ukingoni na kupiga mayowe.

Tuliamua basi kuisimamisha nyuma, kwenye shetri, juu ya bomba la chuma kisichoshika kutu ambalo fundi wa kuchomelea wa hapa mjini alilitengeneza kwa siku mbili, kazi safi kabisa, baada ya sisi kumchorea kwa chaki sakafuni. Bomba hufunguliwa kwa boliti nne na kuba likabaki limefungwa pale pale wakati wa safari ya barabarani, likiwa limevikwa godoro dogo la mtoto. Duka tulilonunua waya wa kurefusha, ambalo halipo Dodoma, lilituletea wenye plagi isiyoingia, na wiki tatu zikapotea katika kuubadilisha. Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida: fyuzi, tundu moja la kupitisha waya, na gundi ya kuziba.

Kwa kuiweka nyuma tulipoteza kimo, na kimo ndicho kinachoamua rada itaona mbali kiasi gani. Boksi lilidai maili 24 za baharini. Dai hilo si uongo, ila halimhusu mwenye mashua ndogo, kwa kuwa mawimbi ya rada hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini hadi kwenye upeo. Kuba letu, likiwa mita 2.6 juu ya maji, lilikuwa na upeo wa maili tatu na nusu. Meli yenye majengo ya mita 25 juu ya maji huongeza maili 11 zake, hivyo kinadharia tunaweza kuiona ikiwa maili 14. Lakini ngalawa ambayo kitu kirefu cha kueleweka ndani yake ni mvuvi aliyeketi huongeza maili mbili tu, na hata ikiwa ndani ya upeo, mwangwi wa mbao mbichi na mwili wa mtu ni dhaifu mno kiasi kwamba humezwa na mwangwi wa mawimbi yenyewe. Mwale nao si mwembamba. Katika makuba ya ukubwa huu una upana wa nyuzi 5 hivi, maana yake ni kwamba, kwa umbali wa maili moja, vyombo viwili vilivyokaribiana chini ya mita 160 huonekana kama kimoja.

Mtera ilitufundisha mipaka ya rada vizuri zaidi kuliko kitabu cha maelekezo. Bwawa lile lilifurika juu ya pori lililokuwa na miti, na miti mingi haikukatwa. Mingine bado imesimama mikavu, myeupe, ndege wamejaa. Hiyo haina taabu. Taabu ni ile iliyovunjikia usawa wa maji. Maji ya Mtera hutunzwa ili kulisha mitambo yake yenyewe ya umeme na ile ya Kidatu iliyoko chini ya mto, kwa hiyo kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo yanavyopungua, na usawa wake unaweza kucheza kati ya mita 698.5 na mita 690 kutoka usawa wa bahari. Kisiki kilichokuwa mita 2 chini ya mashua mwezi Mei huwa kimefika chini kidogo tu ya uso wa maji Septemba, na mahali ulipopita salama mara kumi huwa pamegeuka mtego. Ramani haisaidii kwa kuwa chini kunabaki kule kule ila juu kunahama.

Jumamosi moja ya Septemba tulikuwa tukienda kwa kasi nzuri, tanga likiwa limepunguzwa mara moja, skrini ikionyesha ufukwe wa upande wa Iringa kwa mstari mzuri wa rangi ya chungwa, na mbele yetu pakiwa peusi kabisa, yaani pasipo na kitu. Ubao wetu wa chini, ule unaoshushwa katikati ili mashua isisukumwe pembeni, uligonga kisiki kwa kishindo, ukaruka juu kama ulivyokusudiwa kufanya, na thermosi ya chai ikaenda majini. Rada haikukosea, kisiki kilikuwa chini ya maji, na mawimbi ya rada hayaingii majini. Lakini mimi nilikuwa nimetazama skrini kwa dakika nzima badala ya kutazama maji, na mwenzangu aliyekuwa omo, yaani mbele ya mashua, ambaye kwa kawaida kazi yake ni kutafuta visiki, alikuwa amegeuka kunisikiliza nikimsifia ile picha.

Tulipofika pwani ya kijiji tunakoachaga tela, mvuvi mmoja mzee alitusalimu, "Mbukwenyi," tukamwitikia, akakaa akilitazama kuba kwa muda.

"Vijana, hiyo hotipoti yenu inaona visiki?"

"Hapana, mzee. Inaona ufukwe, mvua, na vyombo vya chuma."

"Ufukwe mimi nauona," alisema, akarudi kwenye nyavu zake.

Kwa haki ya kifaa ni lazima niseme kwamba tulikitumia pia kutazama mitumbwi yao, kwa makubaliano, siku tulivu. Mtumbwi wa mbao wenye watu wawili ulionekana vizuri hadi mita 400 hivi. Zaidi ya hapo ulionekana katika mizunguko miwili kati ya mitano, kama mtu anayefumba na kufumbua jicho. Mmoja wao alipokubali kusimamisha kasia lenye debe la bati kichwani, mtumbwi ule ule ulionekana bila kukatika hadi karibu maili moja. Viboko hatukuwahi kuwaona kwenye skrini hata mara moja, jambo ambalo wenyeji waliliona kuwa ni upungufu mkubwa kuliko wa visiki.

Upepo ulipozidi tulikutana na kasoro nyingine, ambayo wauzaji huitaja kwa herufi ndogo. Mwale wa rada, ukiutazama kwa wima, una unene wa nyuzi 20 hadi 25, nusu juu ya usawa na nusu chini. Mashua ikilala nyuzi 20, jambo ambalo kwa yetu ni la kila mchana, upande wa goshini, unakotoka upepo, rada hutazama mawingu, na upande wa demani, unakoelekea upepo, hutazama maji ya karibu tu. Kuna vitako vinavyojinyoosha vyenyewe, lakini bei yake na uzito wake hufanya mradi wote uwe mzaha kwa chombo cha futi 21.

Umeme haukuwa tatizo kubwa kama nilivyoogopa. Rada na skrini yake kwa pamoja zilikula chini kidogo ya ampea 3, hivyo usiku wa saa 11 ungemaliza kama ampea-saa 30 kutoka katika betri ya 75 ambayo, ikiwa ni ya asidi, haifai kushushwa chini ya nusu. Inatosha, ila asubuhi hakuna akiba ya kuchaji simu wala kuwasha pampu. Tulijifunza kuiamsha kwa dakika mbili kila robo saa, na matumizi yakashuka hadi kiasi cha kuvumilika.

Sasa baharini, ambako rada ilijitetea. Novemba, wakati wa vuli, tulikuwa kaskazini ya Dar es Salaam usiku, upepo ukiwa hafifu, nyota zimefichwa, na taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa upande wa bara kama mji mdogo. Saa tatu kasoro, skrini ilionyesha doa upande wa mashariki, umbo la maini, umbali wa maili 6. Dakika chache baadaye lilikuwa limesogea. Mvua huonekana mbali kwa rada hata ya chini kama yetu kwa sababu mawingu yake ni marefu, na mawimbi ya sentimita 3 huipenda mvua. Tulipima kasi yake kwa dakika kumi, tukaona itatufikia katika dakika nyingine ishirini, tukashusha tanga la mbele, tukapunguza kubwa mara mbili, tukavaa makoti, tukanywa hata chai. Dhoruba ilipofika ilitukuta tumekaa tukiisubiri. Bila rada tungeisikia kwanza kwa baridi shingoni, na kazi ile yote tungeifanya gizani huku mashua imelala ubavu. Huo ndio usiku niliokaribia kutoa pesa.

Lakini mvua ile ile ilitoa pia hoja ya upande wa pili. Ilipotufunika, skrini iligeuka kuwa ukungu wa rangi pande zote, na hata baada ya kuchezea kichujio cha mvua hatukuweza kutofautisha chombo na matone. Simu ya mwenzetu, iliyounganishwa na kipokezi kidogo cha AIS (mfumo ambao meli hujitambulisha kwa redio) tulichokuwa nacho tangu zamani, ikaendelea kuonyesha kwa jina, mwelekeo na kasi meli ya mizigo iliyokuwa ikija upande wetu kutoka ndani ya mvua hiyo. AIS husafiri kwa mawimbi ya redio ya VHF, ambayo mvua haiyasumbui, na meli kubwa zinazokwenda nje ya nchi, za tani 300 na kuendelea, zinalazimika kuwa nayo kwa mkataba wa kimataifa. Antena yake ni kijiti juu ya mlingoti, uzito wake ni gramu, na usiku mzima hula ampea-saa 2. Isichoonyesha ni ngalawa, mtumbwi, na jahazi la mbao lisilo na taa, ambavyo rada nayo ilituonyesha kwa kubahatisha. Usiku uliofuata tulipishana na ngalawa isiyo na taa kwa umbali wa kama mita 60, na aliyeiona kwanza ni mwenzetu aliyekaa omo bila kifaa chochote, aliyesikia mtu akikohoa.

Magazeti ya mashua ya Ulaya na Marekani hushauri rada kwa msisitizo mkubwa, na kwao nadhani wana haki. Sababu yao ya kwanza ni ukungu, ule wa pwani ya Maine au wa Mlango wa Uingereza, unaoweza kukaa mchana kutwa huku meli zikipita. Pwani yetu haina desturi hiyo. Mwenye kusoma ushauri ule akiwa Dodoma, kama nilivyofanya mimi kwa miezi mingi kabla ya boksi kufika, aondoe kwanza ukungu katika hoja, kisha aangalie ni nini kimebaki. Kwangu kilibaki mvua za usiku.

Liko pia suala la sheria ambalo wengi hulipuuza. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za mwaka 1972, zinamtaka kila mwenye chombo aangalie kwa macho na masikio na kwa kila njia aliyonayo; na kanuni ya 7 inasema kwamba chombo chenye rada inayofanya kazi kinapaswa kuitumia ipasavyo, na kwamba mtu asifikie uamuzi kwa taarifa haba, hasa taarifa haba za rada. Maana yake, ukiifunga umejiongezea wajibu, na wajibu huo unahitaji mtu wa kukaa mbele ya skrini akijua anachokitazama. Sisi ni watatu: mmoja kwenye usukani, mmoja omo, mmoja amelala. Hesabu hiyo haimwachi mtu wa nne.

Msimu ule kuba jipya la aina hii, bila skrini, liligharimu kama dola 1,500 za Marekani, yaani kiasi cha shilingi milioni nne kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiongeza skrini, bomba na waya, umekaribia nusu ya thamani ya mashua yetu na tela lake. Rafiki yetu alitutajia bei iliyo nusu ya hiyo, na bado tulimrudishia. Kama ningekuwa na mashua ya futi 35 inayolala majini Tanga, mlingoti wake umesimama mwaka mzima, na ninavuka kwenda Pemba usiku mara kwa mara, ningemlipa siku ile ile na kumshukuru. Anayesafiri Mtera peke yake asiiguse kabisa. Aliye katikati, kama sisi, anunue kwanza kipokezi cha AIS, taa nzuri ya LED juu ya mlingoti, na kiakisi cha rada cha bati ili meli zimwone yeye, ambacho sisi tulikinunua kwa bei ya mlo wa watu wanne na hukunjwa kikalala chini ya mto wa kulalia. Taa ya tochi yenye mwanga mkali, ya kumulika tanga letu wenyewe tunaposikia injini, imetufaa zaidi ya kuba.

Bomba la fundi tumelibakiza. Sasa limebeba paneli ya sola ya wati 50, na mara ya mwisho tulipofika Mtera yule mzee aliitazama, akauliza hotipoti imekwenda wapi.

"Tumemrudishia mwenyewe," nikamjibu.

Akauliza kama hii mpya inachaji simu. Tukamchajia.